Fedha Kiunoni: Mavazi ya Mabaharia wa Uholanzi Yalivyogeuka Mapambo

Mtazame mwanamume wa Volendam, kijiji cha wavuvi cha Uholanzi, katika picha ya zamani, na macho yako yatatua kiunoni kabla ya kufika usoni. Mbele ya suruali pana nyeusi kuna visahani viwili vya fedha, kila kimoja kikubwa kuliko kizibo cha soda. Waholanzi huviita broekstukken, yaani vipande vya suruali. Leo huvaliwa sikukuu, huuzwa kwa wakusanyaji wa vitu vya kale, na vingine vimetiwa pini nyuma vikawa bruchi. Vilianza kama vifungo. Kazi yake ilikuwa kuishika suruali ya mtu ambaye mikono yake yote miwili imeshika kamba.

Mavazi ya bahari ya Uholanzi nayasoma kwa kuanza na swali moja: kitu hiki kilifanya kazi gani chomboni? Ukianza na uzuri wake unapotea, kwa sababu uzuri ulikuja baadaye, mara nyingi baada ya kazi kwisha. Iko njia nyingine, ya mapambo yaliyosafiri kama bidhaa melini na kuishia katika masanduku ya wake wa manahodha, nayo tutaifikia.

Tuanze na suruali. Baharia wa karne ya 17 alivaa suruali pana iliyoishia magotini au chini kidogo, ya sufu nene au ya kitani kigumu. Upana huo una sababu. Mtu anayepanda mlingoti kwa ngazi ya kamba huinua goti mpaka karibu na kifua, na suruali ya kubana ingemchanika msambani siku ya kwanza. Juu alivaa koti fupi lililokomea kiunoni, kwa kuwa pindo refu hunaswa na kamba. Wavuvi wa bahari ya ndani iliyoitwa Zuiderzee walibaki na umbo hilo muda mrefu baada ya wanaume wa mijini kuliacha. Huko Urk na Marken suruali ilibaki ya magotini, ikivaliwa na soksi ndefu. Volendam ikashuka hadi kwenye kifundo cha mguu, lakini upana ukabaki.

Mbele hakuna mpasuo wa katikati. Kuna kipande kipana kiitwacho klep, kinachofunguka kuelekea chini kama kifuniko cha bahasha na kufungwa kwa vifungo kwenye ukanda wa kiuno. Kwa hiyo tumbo lina tabaka mbili za nguo, na upepo haupati ufa wa kuingilia. Visahani vya fedha hukaa hapo hapo kwenye ukanda, mahali penye mvuto mkubwa kuliko pote.

Kwa nini fedha? Kifungo cha chuma kikilowa maji ya chumvi hutoa kutu, na kutu hula kitambaa kilichokizunguka mpaka kikabaki kimening'inia kwenye tundu. Mfupa na pembe hupasuka. Fedha hugeuka nyeusi tu. Tena fedha ni mali. Sarafu iliyopendwa kugeuzwa kifungo ni rijksdaalder, ya gulden (pesa ya Uholanzi ya wakati huo) 2 na nusu, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa na kipenyo cha milimita 38 na uzito wa gramu 25. Jozi moja basi ni gramu 50 za akiba, unazotembea nazo wala haziibiwi ukiwa macho. Husimuliwa kwamba zilikuwa za kulipia mazishi ya mvuvi ambaye maiti yake imetupwa ufukweni ugenini. Simulizi hiyo iko katika pwani nyingi, na pengine husimuliwa kuhusu hereni za dhahabu. Binafsi siipi uzito mkubwa. Mama zetu huweka dhahabu mwilini kwa sababu ndiyo benki iliyo karibu, na mvuvi wa Volendam alikuwa na hesabu hiyo hiyo.

Anayetaka kushona suruali ya namna hii leo hukosea hapo kwenye gramu 50. Hushonea visahani moja kwa moja kwenye sufu, na baada ya miezi michache ukanda umelegea na kutoboka. Suruali za kazi zina kiraka cha kitani nyuma ya kila kifungo, upande wa ndani, kimeshonwa pande zote nne, na uzito unabebwa na kiraka. Kisahani chenyewe hakishonwi. Kina kikonyo kilicholehemewa nyuma, ambacho hupitishwa kwenye tundu na kuzuiwa kwa ndani, ili fedha itolewe kabla ya nguo kufuliwa. Ukikuta kisahani kimeshonwa kwa uzi moja kwa moja, shuku kwamba mtu amekirudishia baadaye.

Kofia inatupa ushahidi wa zamani zaidi. Mwaka 1980 waakiolojia wa Uholanzi walichimba makaburi 185 huko Spitsbergen, kaskazini ya mbali, ya watu wa karne ya 17 waliokwenda kuwinda nyangumi na kuyeyusha mafuta yake. Ardhi ya huko imeganda mwaka mzima, na mafuvu mengi yalikuwa bado yamevaa kofia za sufu zilizofumwa kwa mkono. Ziko leo Rijksmuseum, Amsterdam. Hazifanani: moja ina mistari, nyingine rangi moja, nyingine imechanganywa rangi mbili tatu. Watu walikuwa wamejifunika baridi mpaka machoni, na kofia ndiyo iliyomtambulisha mtu kwa mwenzake. Rangi ile unayoweza kuiona kuwa urembo ilikuwa sawa na jina.

Ushahidi huo una mtego wake, na wengi wanaoandika juu ya mavazi ya kale hutumbukia humo. Sufu na hariri hudumu mahali ambapo kitani na pamba huoza. Mwaka 2014 wazamiaji waliinua kutoka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Texel gauni la hariri la karne ya 17, zima kiasi cha kushangaza, lakini shati la kitani la baharia wa kawaida halikupata bahati hiyo. Tena marehemu wa melini hakuzikwa na mali yake. Nguo zake zilinadiwa chini ya mlingoti, wenzake wakazinunua kwa kukatwa mishahara, na shati likaendelea kuvaliwa hadi likawa tambara la kusugulia. Kwa hiyo tuna hariri ya tajiri na kofia ya maiti, na kati yake pengo kubwa la nguo zilizochakaa kwa kazi.

Sweta la wavuvi ni kijana ukililinganisha na hayo. Lilienea katika nusu ya pili ya karne ya 19, kwenye bandari za uvuvi wa heringi kama Scheveningen, Katwijk na Vlaardingen. Hufumwa kwa mduara, kama mfuko usio na mshono wa pembeni, kwa sindano nne au tano nyembamba. Ukitaka kulifuma lenye kazi ya kweli, lenga macho 28 kwa kila sentimita 10, kwa sindano za milimita 2 na robo hivi. Nasema macho, kama macho ya wavu, kwa kuwa kazi ni ile ile ya kuhesabu. Kifua cha sentimita 100 kinataka macho 280. Ukilegeza hadi macho 20, sweta litakuwa laini na jepesi, na upepo utapita kama kwenye chandarua.

Kila sehemu ina jibu la swali la baharini. Mwili unabana, kwa sababu nguo inayopepea hunaswa na ndoana. Mikono inakomea juu kidogo ya kifundo cha mkono, karibu na mahali pa saa, ili upindo usikae umelowa chumvi na kusugua ngozi, kwa maana huko ndiko hutoka majipu ya maji ya chumvi yaliyowatesa wavuvi wote wa Bahari ya Kaskazini. Kwapani huwekwa kipande cha umbo la msambamba, kikwapa, kama cha kanzu, ili mtu anyanyue mkono bila kuvuta mwili mzima wa nguo. Na mikono hufumwa kutoka begani kwenda chini. Upindo ukichakaa, unafumua kutoka mwisho, unarudi mpaka kwenye uzi mzima, unafuma upya. Mkono uliofumwa kutoka chini kwenda juu haukubali ukarabati huo kirahisi, na ndilo kosa la machapisho mengi ya kisasa yanayonakili nakshi na kuacha muundo.

Nakshi zenyewe hukaa kifuani na sehemu ya juu ya mikono. Kuna kamba zilizosokotwa, ngazi, bendera, na msambamba wenye kitovu katikati uitwao jicho la Mungu. Zina kazi pia: mabadiliko ya mshono wa mbele na wa nyuma huongeza unene na kushika hewa mahali mwili unapohitaji joto. Husemwa kwamba kila kijiji kilikuwa na nakshi yake ili maiti itambuliwe. Nadhani limetiwa chumvi. Meli za heringi za Uholanzi zilikutana Lerwick, visiwa vya Shetland, kila mwezi Juni, karne baada ya karne, na wenyeji wakawauzia soksi za kufuma. Katika mkusanyiko kama huo mke wa Katwijk angeshindwaje kunakili kifua kilichompendeza? Herufi za jina zilizotiwa kwenye sweta zilisaidia kutambua maiti kuliko msambamba.

Juu ya sufu hiyo ilihitajika nguo ya kuzuia maji, na hapa msomaji wa pwani yetu atakutana na kitu anachokijua. Nyavu, matanga na mablauzi ya kazi yalichemshiwa katu, ile ile inayoliwa na tambuu na popoo. Tanini ya katu huzuia nyuzi za kitani na pamba zisioze, na huziacha na rangi ya kahawia yenye wekundu, ambayo ndiyo rangi ya matanga katika picha nyingi za Zuiderzee. Kwa kitambaa, gramu 200 hadi 300 za katu kwa kila kilo ya nguo kavu zinatosha. Ponda, loweka usiku kucha katika maji moto, chuja chenga, ingiza nguo iliyofuliwa kwanza ili wanga wa kiwandani utoke, chemsha polepole saa moja, kisha iache ipoe humo humo. Ukiichuja vibaya, chenga hukaa kwenye mikunjo na kuacha madoa meusi yasiyotoka. Kuoshea mwishoni kwenye maji yenye mrututu kidogo huifanya rangi ing'ang'anie zaidi, ila mrututu ni sumu. Sufuria yake isirudi jikoni, na maji yake yasimwagwe mtoni.

Koti la mvua lilikuwa la kitani au pamba iliyopakwa mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayakauki kama maji yanavyokauka. Huungana na hewa na kuwa ngozi ngumu. Hivyo hupakwa membamba sana kwa brashi, nguo ikatundikwa na kijiti kupitishwa mikononi ili isijishike, ikaachwa siku kadhaa, kisha tabaka la pili na la tatu. Anayefanya haraka na kupaka zito hupata koti ambalo juu limekauka na ndani linanata, na kunata huko hakuishi kamwe. Kosa la pili ni la hatari. Muungano huo na hewa hutoa joto, na nguo au matambara yenye mafuta mabichi yakirundikwa pamoja huwaka yenyewe bila kiberiti. Yatandazwe nje au yatiwe majini. Rangi ya manjano ya koti la mvuvi, ambayo leo imekuwa mtindo wa maduka ya nguo, chimbuko lake ni mafuta hayo yakizeeka.

Sasa ile njia ya pili, ya uzuri uliosafiri. Mji mdogo wa Hindeloopen, katika jimbo la Friesland, uliishi kwa manahodha. Walisafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa Amsterdam kwenda Norwei na Bahari ya Baltiki, na Amsterdam ndiko Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iliyodumu kutoka 1602 hadi 1799, ilikonadi nguo zake. Ufaransa ilipiga marufuku vitambaa vya Kihindi vyenye maua mwaka 1686, Uingereza ikafuata kwa sheria za 1700 na 1721. Uholanzi haikupiga marufuku. Ndiyo maana nguo za sits, pamba ya pwani ya Koromandeli, zilijaa kwenye masanduku ya watu wa kawaida wa huko.

Wake wa manahodha walishona sits kuwa wentke, koti refu la kike lililo wazi mbele, lenye mgongo uliobana na pindo lifikalo karibu na miguu. Rangi zilikuwa na lugha. Nyekundu ilikuwa ya furaha, buluu na nyeupe ya msiba. Mjane hakuhitaji kueleza. Ni jambo ambalo mtu aliyelelewa na kanga hahitaji kufundishwa, kwamba nguo husema kwa niaba ya aliyeivaa. Na uhusiano haukomei kwenye mfano: leso yetu, iliyochukua jina la Kireno la kitambaa cha mkononi, mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa inachapwa pia na viwanda vya Uholanzi kwa ajili ya soko la Zanzibar.

Inafaa kujua sits ilivyotengenezwa, kwa sababu namna inavyokufa inatokana na namna ilivyozaliwa. Pamba ilifuliwa na kuanikwa, kisha ikalowekwa kwenye maji ya tunda lenye tanini pamoja na maziwa ya nyati. Mafuta ya maziwa yalizuia dawa isisambae. Michoro ilitiwa kwa kalamu ya mwanzi, ambayo Wahindi nao huiita kalam: maji ya chuma kwa mistari myeusi, shabu pale patakapokuwa pekundu. Nguo ikachemshwa na mizizi ya chaya, wekundu ukashika penye shabu tu. Halafu ikafunikwa nta isipokuwa sehemu za buluu, ikatumbukizwa kwenye nili, nta ikatolewa. Manjano ilipakwa mwisho, kwa brashi, na juu ya buluu ikatoa kijani.

Manjano hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwanga huila, na ndiyo sababu sits nyingi za zamani zina majani ya buluu kwenye mashina yaliyofifia. Fundi hakupenda majani ya buluu. Rangi ya juu imeondoka. Maji ya chuma nayo huifanya pamba ikatike, hivyo mistari myeusi huanguka yenyewe na kuacha tundu lenye umbo la ua. Anayeshona nakala kwa kupaka majani buluu ananakili ugonjwa wa nguo.

Mavazi ya Hindeloopen yalikuwa yanafifia mitaani yalipopata umaarufu. Mwaka 1877, katika maonyesho ya kihistoria ya Friesland mjini Leeuwarden, kilipangwa chumba kizima cha Hindeloopen, kikiwa na sanamu zilizovishwa. Mwaka uliofuata kilipelekwa kwenye maonyesho ya dunia, Paris. Watu wa mijini wakaanza kuagiza samani na mavazi ya mtindo huo kwa ajili ya sebule zao. Volendam nayo ilipata hoteli ya Spaander mwaka 1881, na wachoraji kutoka nchi nyingi wakaja kuwachora wavuvi. Kisha tarehe 28 Mei 1932 ukuta wa Afsluitdijk ulizibwa, Zuiderzee ikawa ziwa la maji baridi, heringi na dagaa wa baharini wakakosa njia. Kizazi kilichofuata kilirithi suruali pana bila bahari yake. Vazi la Volendam ndilo sasa dunia nzima hulitaja kuwa vazi la Uholanzi, ingawa lilikuwa la kijiji kimoja cha wavuvi.

Ndipo mambo yanapobadilika ndani ya nguo, na anayenunua au kuhifadhi anapaswa kuigeuza. Nguo ya kazi ina viraka magotini na upande wa ndani wa paja, sufu yake imekandamana kwenye kiuno, na mishono yake imeimarishwa mahali pa mvuto. Kabla ya katikati ya karne ya 19 yote ni ya mkono. Nguo ya sikukuu ina kitambaa kizuri zaidi na viraka havimo. Mwaka wa sarafu kwenye kifungo hauthibitishi umri wa suruali. Sarafu ilizungukazunguka sokoni kabla ya kulehemewa, na kifungo kilirithiwa kutoka suruali hadi suruali. Unachojua tu ni kwamba kifungo hakikutengenezwa kabla ya mwaka huo. Kwa fedha isiyo sarafu tafuta nyuma alama ya upanga mdogo, ambayo Uholanzi iliipiga kwenye vitu vidogo vya fedha tangu 1814.

Usiing'arishe fedha kwa dawa kali. Nakshi nyembamba hulika. Sufu ikiwa na nondo, ifunge kwenye plastiki na kuigandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri wiki 2, kisha iache irudi kwenye joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo unyevu hutua kwenye nguo. Sits isitundikwe. Izungushwe kwenye bomba la karatasi isiyo na asidi, uso ukitazama nje, na mwanga usizidi lux 50. Koti la mafuta lisikunjwe, kwa sababu hupasuka kwenye mkunjo na ufa huo hauzibiki.

Na lipo vazi la aina ya tatu, lile la studio za picha za Volendam, ambako mtalii huvishwa kwa dakika chache juu ya nguo zake mwenyewe. Limeshonwa mbele tu. Mgongoni liko wazi kutoka shingoni hadi chini, na hufungwa kwa kamba ili lienee kila mwili. Visahani vya kiunoni ni bati lililobonyezwa, vimeshonewa moja kwa moja kwenye kitambaa, na nyuma yake hakuna kiraka, kwa kuwa havishiki kitu.